Rimoti ya Kiyoyozi Iko kwa Nani?

Katika majaribio waliyoyachapisha kitabuni mwaka 1972, wanasaikolojia wa Marekani David Glass na Jerome Singer waliwaketisha watu chumbani, wakawapa kazi ya kufanya, huku wakiwafungulia mkanda wa kelele. Kelele zenyewe zilikuwa mchanganyiko: watu wawili wakizungumza Kihispania, mwingine Kiarmenia, mashine ya kurudufu karatasi, mashine ya hesabu na taipureta, vyote vimerundikwa pamoja hata hakuna kinachoeleweka, kisha vikaachiwa kwa sauti kubwa na kwa vipindi visivyotabirika. Kundi moja lilivumilia tu. Kundi jingine lilionyeshwa kitufe, likaambiwa kwamba mtu akizidiwa anaweza kukibonyeza na kelele zitakoma, ila watafiti wangependa asikibonyeze. Kitufe kikabaki bila kuguswa. Kwa hiyo makundi yote mawili yalisikia kelele zilezile kwa muda uleule. Tofauti ilijitokeza baadaye, kelele zilipokwisha. Walipopewa mafumbo yasiyo na jibu, waliokuwa na kitufe walijaribu tena na tena. Walipopewa maandishi ya kusahihisha, waligundua makosa mengi zaidi. Wasiokuwa na kitufe walikata tamaa mapema.

Zaidi ya miaka 50 imepita, lakini mipango mingi ya ofisi bado inalipita kando jambo hilo. Taasisi ikihama au ikikarabati jengo, vikao hujadili mita za mraba, idadi ya meza, rangi ya kuta na bei ya viti. Mfanyakazi huingia katika hesabu kama mtu wa kutafutiwa pa kukaa, basi. Hoja ya makala haya ni kwamba swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine: mtu atakayekaa hapa saa nane kila siku ana uwezo gani juu ya kelele, joto, hewa, mwanga na macho yanayomtazama? Kelele huchosha, joto huchosha, hewa nzito huchosha. Hayo yamepimwa na matokeo yake yanajulikana. Lakini kinachokula ari ya mtu kuliko vyote ni kuvumilia adha asiyokuwa na njia ya kuipunguza. Ndiyo maana ofisi nzuri si lazima iwe ghali. Ofisi nzuri ni ile ambayo anayeitumia ana kauli juu yake.

Historia ya ofisi za wazi, zile za ukumbi mmoja usio na kuta, inaonyesha jinsi kauli hiyo inavyopotea hata pale palipoanza na nia njema. Mwaka 1906, katika mji wa Buffalo nchini Marekani, msanifu majengo Frank Lloyd Wright alikamilisha jengo la kampuni ya sabuni ya Larkin, ambamo makarani waliketi kwa safu katika ukumbi mkubwa uliopata mwanga kupitia paa la kioo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ndugu wawili wa Kijerumani, Eberhard na Wolfgang Schnelle, walikuja na wazo la kuondoa korido na vyumba vya wakubwa, na kupanga meza kwa kufuata jinsi taarifa zinavyopita kati ya watu, huku mimea na vibao vifupi vikigawa nafasi. Kisha akaja Robert Propst wa kampuni ya samani ya Herman Miller. Yeye aliamini kwamba mfanyakazi anahitaji kusimama, kukaa na kujongea, na samani zake za mwaka 1964, na hasa zile za 1968, zilikusudiwa kupangwa na kupanguliwa kadiri kazi inavyobadilika. Waajiri waliona faida nyingine. Vibao vyake vilikuwa vyepesi na nafuu kuliko kuta, na vikikazwa kwa pembe mraba viliwezesha kubana watu wengi katika sakafu moja. Zikazaliwa safu za vijichumba vilivyofanana, ambazo Propst mwenyewe alizilaani waziwazi kabla ya kufariki mwaka 2000. Vifaa vilibaki, kilichoondolewa ni ruhusa ya mtumiaji kuvisogeza.

Upande mwingine wa historia hiyo hautajwi sana. Mwaka 1972 Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria iliyoyaimarisha mabaraza ya wafanyakazi, na mwaka 1976 Sweden ikapitisha sheria ya kuwashirikisha wafanyakazi katika maamuzi. Waajiri wakawa hawana budi kuzungumza na wafanyakazi kabla ya kubadilisha mazingira ya kazi. Katika nchi za Ulaya ya kaskazini zile kumbi kubwa, zilizokuwa zikisifiwa kuwa ndiyo ofisi za kisasa, zikaanza kuachwa, na vyumba vya mtu mmoja au wachache, vyenye dirisha, vikarudi. Kupanda kwa bei ya nishati nako kulichangia, kwa kuwa ukumbi mpana hauwezi kuishi bila taa na mitambo ya hewa. Lakini Marekani na Uingereza pia zilipandishiwa bei ya nishati, na huko kumbi na vijichumba viliendelea kutamalaki. Pale ambapo wanaokalia viti walipata nafasi ya kusema, walichosema ni kwamba wanataka mlango na dirisha.

Kwa nini walitaka hivyo, tafiti za miaka ya karibuni zimefafanua. Sifa kubwa ya ofisi ya wazi ni kwamba inawakutanisha watu: hakuna ukuta, basi watazungumza na mawazo yatazaliwa. Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Chuo Kikuu cha Harvard waliamua kulipima dai hilo katika makao makuu ya kampuni mbili kubwa za Marekani zilizokuwa zikibomoa kuta. Waliwavisha wafanyakazi vifaa vidogo vinavyotambua nani yuko ana kwa ana na nani anaongea, kabla na baada ya mabadiliko. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalikuwa kinyume cha ahadi: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na barua pepe na ujumbe wa kompyuta vikaongezeka. Sababu yake haifichiki kwa yeyote anayewajua watu. Mtu akiona kila neno lake linasikika na meza kumi, hupunguza maneno. Huvaa visikizi, hukodolea skrini, na la maana hulipeleka kwa maandishi. Kuta zilipoondoka, watu walijijengea kuta zao za kimya.

Utafiti mwingine, wa Jungsoo Kim na Richard de Dear wa Chuo Kikuu cha Sydney, uliochapishwa mwaka 2013, ulichambua maoni ya watu zaidi ya 42,000 katika majengo zaidi ya 300. Waliokuwa kwenye ofisi za wazi walilalamikia kelele na kukosa faragha, na nafuu waliyoipata katika urahisi wa kuzungumza na wenzao haikutosha kufidia hasara hiyo. Nchini Denmark, uchunguzi wa mwaka 2011 uliohusisha wafanyakazi 2,403 uligundua kwamba wanaokaa zaidi ya sita katika chumba kimoja walikosa kazi kwa ugonjwa siku nyingi zaidi, kwa asilimia 62, kuliko wanaokaa peke yao. Takwimu hii ya mwisho isomwe kwa uangalifu. Haithibitishi kwamba ukumbi ndio uliowafanya waugue, maana mwenye chumba chake mara nyingi ana cheo na mshahara wa juu pia, ingawa watafiti walijitahidi kuzingatia tofauti za aina hiyo. Hata hivyo inakwenda njia moja na ushahidi mwingine, na hakuna mwajiri makini anayeweza kuipuuza.

Kuhusu kelele, si kila sauti inaudhi kwa kiasi kimoja. Mvumo wa pangaboi au mvua juu ya bati huzoeleka. Maneno ya binadamu hayazoeleki, kwa sababu akili haiwezi kuacha kuyatafuta maana. Ndiyo maana simu ya mwenzako inasumbua kuliko mazungumzo ya watu wawili mbele yako: unasikia nusu, na nusu nyingine unalazimika kuibuni. Fikiria karani wa masjala anayejumlisha mafungu ya malipo huku mezani pa jirani mwananchi akieleza kwa uchungu kwamba faili lake limepotea. Kila jina na kila tarehe itakayotamkwa pale inaingia katikati ya tarakimu zake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, Gary Evans na Dana Johnson wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwaweka makarani wanawake 40 kwa saa tatu, wengine mahali tulivu na wengine penye kelele za kawaida za ofisi ya wazi, si kubwa. Kasi ya kuchapa haikuonyesha tofauti, na waliokaa kwenye kelele hawakusema kwamba wana msongo zaidi. Ila adrenalini yao ilikuwa imepanda, walijirekebisha kitini mara chache zaidi, na walipopewa mafumbo magumu waliacha kujaribu mapema. Msimamizi anayehesabu kurasa zilizochapwa hawezi kuiona hasara ya namna hii. Mtu anaonekana anafanya kazi, na kweli anafanya, lakini akiba yake ya kupambana na jambo gumu imekwisha kabla ya saa sita mchana.

Kuhusu joto, mambo yanatugusa sisi wa ukanda huu kwa karibu zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliojumlisha tafiti nyingi, ulioongozwa na Olli Seppänen wa Finland, ulikadiria kwamba kazi za ofisini hufanyika vizuri zaidi kwenye nyuzi 22 hivi za Selsiasi, na kwamba zikifika nyuzi 30 ufanisi hupungua kwa karibu asilimia 9. Wengi wamelichukua hilo kuwa ruhusa ya kuziba madirisha na kushusha kiyoyozi. Lakini nyuzi 22 za nani? Kanuni inayotumika duniani kukadiria starehe ya joto majengoni ilitungwa na Povl Ole Fanger wa Denmark mwaka 1970, na mwaka 2015 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walionyesha kwamba kiwango cha joto ambalo mwili huzalisha kinachochukuliwa kuwa cha kawaida kinamfuata mwanamume wa wastani, na kwa wanawake kinaweza kuzidisha kwa hadi asilimia 35. Katibu muhtasi anayejifunga mtandio mabegani huku nje jua la Dar es Salaam likichoma lami si dhaifu wala mlalamishi. Mtambo ulipangwa bila yeye, na rimoti iko mfukoni mwa mtu mwingine.

Zaidi ya hayo, starehe ya joto haiamuliwi na kipimajoto peke yake. Richard de Dear na Gail Brager walichambua vipimo vipatavyo 21,000 kutoka majengo 160 ya nchi mbalimbali, wakagundua kwamba watu wa majengo yanayopitisha hewa kwa madirisha ya kufunguliwa huridhika na kiwango kipana zaidi cha joto kuliko watu wa majengo yaliyozibwa. Sehemu ya maelezo ni mazoea, na sehemu nyingine ni kwamba mtu mwenye dirisha lake anajua anaweza kulifungua. Wajenzi wa mwambao walilielewa jambo hili zamani. Kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ndefu, ua katikati na madirisha yanayotazamana vilipunguza joto bila mtambo wowote. Leo tunajenga maghorofa ya vioo yanayokaribisha jua ndani, kisha tunalipa umeme ili kulifukuza. Umeme ukikatika, hakuna dirisha linalofunguka. Njia nyingine ipo, na iko hapahapa. Jengo la ofisi la Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011 kwa wafanyakazi wapatao 1,200, lilisanifiwa kupata mwanga wa asili na kupitisha hewa yenyewe, pamoja na paneli za jua juu ya paa. Nairobi ina baridi kuliko Mombasa, hilo ni kweli, na pwani itahitaji feni na mara nyingine kiyoyozi. Lakini kivuli juu ya dirisha, upepo unaopita kutoka upande hadi upande, na kioo kinachofunguka vinafaa kote.

Hewa nayo hudharauliwa kwa sababu haionekani. Viyoyozi vingi vya ukutani tunavyovitumia havileti hewa mpya kutoka nje. Vinaizungusha ileile ya chumbani na kuipoza. Kwa hiyo kikao cha watu 12 katika chumba kidogo kilichofungwa kinaweza kuwa na ubaridi mzuri huku hewa ikizidi kuwa nzito kila dakika. Mwaka 2016, Joseph Allen na wenzake wa Harvard walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wafanyakazi 24 walifanya kazi zao za kawaida katika ofisi maalumu iliyobadilishwa hewa bila wao kujua. Siku ambazo hewa safi iliongezwa na kemikali za samani na rangi zikapunguzwa, alama zao katika vipimo vya kufikiri na kuamua zilipanda kwa kiasi kikubwa. Jaribio ni dogo, na si tafiti zote zilizofuata zimepata ongezeko la ukubwa ule. Hata hivyo mwelekeo unakubalika, na dawa yake kwa ofisi nyingi ni kufungua dirisha kwa muda kabla kikao hakijaanza na tena katikati yake.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu kauli ya mfanyakazi unatoka kwa Craig Knight na Alexander Haslam, waliochapisha majaribio yao mwaka 2010 wakiwa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza. Walitayarisha ofisi za aina nne. Ya kwanza ilikuwa tupu: meza, kiti na vya kufanyia kazi tu, kama wapendavyo mameneja wanaoamini kwamba kilichozidi kinavuruga akili. Ya pili ilipambwa kwa mimea na picha. Ya tatu ilikuwa na mimea na picha hizohizo, lakini mfanyakazi ndiye aliyeambiwa azipange atakavyo, au aziache. Ya nne ndiyo ya kutazamwa kwa makini: mfanyakazi alipanga, kisha mtafiti akaja mbele yake na kuvipanga upya vitu hivyo jinsi mtafiti mwenyewe alivyotaka. Katika ofisi iliyopambwa watu walifanya kazi vizuri kuliko katika ile tupu, kwa asilimia 17 hivi. Katika ofisi waliyoipanga wenyewe walifanya vizuri zaidi, kwa asilimia 32 hivi kuliko tupu. Na katika ile iliyopangwa upya na mtafiti, faida yote ilipotea. Chumba kilikuwa na mimea na picha zilezile. Kupuuzwa mara moja tu kulitosha kufuta mema ya mapambo yote. Mwajiri anayeita watu watoe maoni kuhusu ofisi mpya, kisha anaendelea na mchoro uliokwisha kupitishwa, ajue kwamba huenda angepata hasara ndogo zaidi kama asingewauliza.

Msomaji anaweza kupinga kwamba yote haya ni athari ya kuangaliwa. Wanafunzi wa utawala hufundishwa kisa cha kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, ambako kati ya 1924 na 1927 watafiti walibadilisha mwanga, na ikasimuliwa kwamba uzalishaji ulipanda mwanga ulipoongezwa na hata ulipopunguzwa, kwa kuwa wafanyakazi walifurahia tu kujaliwa. Ikiwa hivyo, mazingira yenyewe si kitu. Pingamizi hili lina majibu mawili. La kwanza ni kwamba wachumi Steven Levitt na John List waliposoma upya takwimu za majaribio yale ya mwanga, katika makala ya mwaka 2011, hawakukuta mruko ule wa ajabu unaosimuliwa. La pili ni la msingi zaidi. Hata tukikubali kwamba kujaliwa kunaongeza tija, hilo haliipingi hoja yetu, linaiunga mkono. Mazingira ya ofisi ndiyo njia ambayo mfanyakazi husoma kila siku anathaminiwa kiasi gani. Kiti kilichovunjika kikikaa mwaka mzima bila kutengenezwa, huo ni ujumbe, na hauhitaji barua.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, nami naliheshimu. Katika halmashauri nyingi, watumishi watatu hugawana meza moja, na masjala haina hata rafu za kutosha. Kuzungumzia mimea na faragha kunaweza kuonekana ni anasa. Lakini tazama mambo yenyewe. Kukubaliana kwamba simu ndefu zinapokelewa barazani hakugharimu kitu. Kutenga chumba kimoja kidogo cha kazi zinazohitaji utulivu, kitumiwe kwa zamu, kunahitaji ratiba ukutani. Kuhamishia mapokezi ya wananchi karibu na mlango, ili wasipite katikati ya wanaohesabu, kunahitaji watu wawili wa kubeba meza. Nyavu za mbu zinazowezesha dirisha kubaki wazi ni nafuu kuliko kiyoyozi kimoja. Kumwacha kila mtu ageuze meza yake ili asipigwe na jua usoni ni bure kabisa. Hata katika taasisi zenye uwezo, mishahara kwa kawaida ni gharama kubwa kuliko umeme na samani; kubana mita chache za sakafu huku ukipoteza saa za akili za watu unaowalipa ni ubahili usio na hesabu.

Wapo pia wanaohofia nidhamu: ukiwapa watu uhuru, watalala. Hofu hii imejaribiwa kwa mizani kali kuliko ya kusogeza meza. Kampuni ya usafiri ya Ctrip ya Uchina iliwaruhusu baadhi ya wafanyakazi wake wa simu, waliochaguliwa kwa kura, wafanyie kazi nyumbani siku nne kwa wiki kwa miezi tisa, na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wakakuta kazi yao imeongezeka kwa asilimia 13. Katika jaribio la baadaye la kampuni hiyohiyo, lililochapishwa mwaka 2024 na kuhusisha wafanyakazi 1,612, siku mbili za nyumbani kwa wiki hazikushusha utendaji, na wanaoacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Mameneja waliotabiri hasara mwanzoni walibadili mawazo baada ya kuona. Lakini jambo lenye fundisho kubwa ni kwamba jaribio la kwanza lilipoisha na watu wakaachiwa wachague, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani waliomba kurudi ofisini, wengi kwa sababu ya upweke. Hivyo nyumbani si jibu la wote, kama ofisini kusivyo jibu la wote. Faida ilitokana na kuchagua.

Pingamizi la mwisho ni la utamaduni, na ndilo linalogusa moyo. Sisi ni watu wa kukaa pamoja, husemwa; vyumba na milango ni mambo ya ubinafsi, na kijana mgeni kazini hujifunza kwa kuketi karibu na mkubwa wake. Sehemu ya pili ya hoja hii ni kweli kabisa. Thomas Allen wa taasisi ya MIT alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mazungumzo ya kikazi hupungua haraka kadiri meza zinavyoachana, na mwanagenzi aliyefungiwa mbali na fundi hupoteza mengi. Lakini sehemu ya kwanza inasahau jinsi tulivyojenga nyumba zetu. Nyumba ya Mswahili ina baraza ambapo yeyote anaweza kuketi na kuzungumza, ina ukumbi wa wageni wanaokaribishwa, ina ua wa wenyewe, na ina ndani ambako mtu haingii bila ruhusa. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mwenye nyumba hiyo ni mbinafsi. Ujamaa wa kweli unamwachia mtu nafasi ya kutoka barazani anapotaka na kurudi anapotaka. Ofisi inapaswa kuwa na ngazi zilezile: mahali pa kukutana, mahali pa kikundi, na mahali pa mtu kukaa na kazi yake bila kukatizwa.

Sheria zetu zimeweka sakafu, na ni vyema wafanyakazi waijue. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, inayotaka kila mfanyakazi apate angalau mita 10 za ujazo katika chumba cha kazi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inayomtaka mwajiri atenge chumba cha mama kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Hayo ni ya chini kabisa ya kumlinda mtu asidhurike. Hayatoshi kumfanya afanye kazi vizuri. Na wakati wa kuyavuka ni huu. Wizara za Tanzania zimekuwa zikihamia majengo mapya katika Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma. Serikali za kaunti nchini Kenya zimekuwa zikijijengea makao tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Majengo haya yatakaa miaka 50 na zaidi. Ukuta ukiisha kusimama mahali pasipofaa, vizazi viwili vya watumishi vitalipa.

Kwa hiyo kila taasisi inayojiandaa kujenga, kuhama au kupaka tu rangi ianze na kikao cha wale watakaokaa humo, wakiwemo mhudumu, mlinzi na karani wa masjala, ambao kwa kawaida huulizwa mwisho au hawaulizwi kabisa. Waulizwe ni kazi gani inawahitaji watulie, ni nani wanapaswa kuwa karibu naye, jua linaingia saa ngapi na upande gani, na ni kitu gani wangekibadilisha kesho kama wangeruhusiwa. Kisha majibu yao yaonekane katika mchoro, na baada ya miezi sita warudiwe waulizwe tena. Mfanyakazi ameajiriwa kwa sababu ya akili yake na uamuzi wake. Taasisi inayomwamini na fedha za umma, siri za wagonjwa au hesabu za kampuni haina sababu ya kutomwamini na dirisha.